Kumfundisha punda kazi bila fimbo: kuanzia kamba ya kichwani hadi mkokoteni

Septemba, kiangazi kikiwa kimekomaa, nenda kisimani saa 12 asubuhi katika kijiji chochote cha Chamwino, Bahi au Mpwapwa, huku mkoani Dodoma. Utawakuta punda wamejazana na madumu, watoto wanawahi kabla ya kengele ya shule, na fimbo inalia mgongoni mwa mnyama hata kabla hajaonyeshwa aende wapi. Tumeizoea kiasi kwamba mtu akiongoza punda mikono mitupu anaulizwa fimbo ameisahau wapi.

Nafuga punda, na nimekaa sana na Wagogo na Warangi wanaowatumia kubeba maji, kulima na kuvuta mikokoteni ya mchanga, kuni na mazao. Ninachokiamini ni hiki: punda hujifunza pale unapomwachia, si pale unapombana. Hatua zote zilizo hapa chini zinategemea jambo hilo moja. Ukilishika, hata hatua ambayo sikuiandika utaibuni mwenyewe.

Mbona anasimama?

Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama. Anakaza miguu yote minne, masikio yanaelekea mbele, na hapo hata wakimsukuma watu watatu hasogei. Asili yake ni nchi kame zenye mawe za kaskazini mashariki mwa Afrika, na huko kukimbia ovyo juu ya mawe ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo anasimama, anatazama, anasikiliza, halafu anaamua. Sisi tabia hiyo tumeiita ukaidi, na ndiyo inayomletea kipigo.

Sasa fikiria anachokiona yeye. Ametega masikio kuelekea mfuko wa nailoni ulionasa kwenye mgunga na kupepea. Hajui ni kitu gani. Wakati bado anautazama, fimbo inatua kiunoni. Umemthibitishia kwamba ule mfuko kweli unauma. Kesho akifika pale atasimama mbali zaidi, nawe utachapa zaidi, na mwisho wa mwezi utasema umeuziwa punda mbovu.

Fimbo ina kasoro nyingine: haimwambii mnyama afanye nini. Anayechapwa nyuma huku ameshikwa kamba mbele anapata amri mbili zinazopingana. Anachojifunza ni kumwogopa mtu, na kuizoea fimbo mpaka ngozi iwe sugu, ndipo watu wanahamia kwenye fimbo nene au yenye msumari. Nimeviona vidonda vya namna hiyo vimejaa nzi, na mzigo umewekwa juu yake. Hakuna kazi inayohitaji jambo lile.

Msemo wa shukrani ya punda ni mateke umewaponza wanyama wengi. Punda anapiga teke kwa kushtushwa na kitu asichokiona, au kwa kutetea mahali panapouma. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Ukimtokea kutoka nyuma kimya kimya, hajui kama wewe ni bwana wake au ni fisi.

Tusisahau pia kwamba ukatili kwa mnyama ni kosa kisheria. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Zaidi ya hapo, punda si mnyama wa kuchezea tena. Biashara ya ngozi iliwamaliza wengi, na machinjio ya punda yaliwahi kufanya kazi hapahapa Dodoma na kule Shinyanga. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Aliye na punda wawili wazima leo ana mali. Punda akitunzwa anaishi miaka 25 na zaidi. Utakachomfundisha mwaka huu utakitumia mpaka mtoto wako wa darasa la kwanza awe na familia yake.

Kabla hujaanza

Angalia umri. Usimtwishe mzigo punda aliye chini ya miaka mitatu, na mkokoteni usubiri afike minne, kwa sababu mifupa ya mgongo na miguu bado haijakomaa. Mnadani utaambiwa "huyu mkubwa, kazi anaiweza". Fungua midomo utazame meno ya mbele. Mawili ya katikati hubadilika akiwa na karibu miaka miwili na nusu hadi mitatu, yanayofuata mwaka mmoja baadaye, na ya pembeni kabisa akiwa anakaribia mitano. Akiwa bado na meno madogo meupe ya utotoni pembeni, huyo ni kijana. Kumfundisha kamba na kushikwa unaweza, hata tangu akiwa ananyonya. Mzigo ndio usubiri.

Mtafutie mwenzake. Punda hushikamana na mwenzake kwa nguvu ambayo wengi hawaijui, na akitenganishwa naye ghafla anaweza hata kuacha kula. Mafunzo ya mwanzo yafanyie mahali ambapo yule mwenzake anaonekana. Ukiwa na punda mzee aliyetulia umepata msaidizi, maana kijana anatazama mwenzake anafanya nini kabla ya kukutazama wewe.

Kagua mwili. Pitisha macho mabegani, mgongoni, mahali pa mkanda wa tumbo, kwenye pembe za mdomo na chini ya kwato. Kidonda kipone kwanza. Huwezi kumfundisha mnyama akuamini huku kila ukimgusa anaumia.

Mahali pa kufundishia ni zizi, au uwanja uliozungushiwa miiba, wenye kichanga laini na usio na mbwa wala watoto wa kushangilia. Muda ni asubuhi kabla jua halijawa kali, au kuanzia saa 10 jioni. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa siku. Ukiona amefanya vizuri dakika ya tano, acha hapohapo, nenda zako.

Vifaa ni vichache. Kamba laini ya unene wa kidole, ya pamba au ya manila iliyokwisha kutumika ikalainika. Katani mpya inachubua. Mswaki mgumu au gunzi la mahindi la kumsugulia. Bakuli lenye mashudu kidogo ya alizeti au pumba. Gunia kuukuu. Basi.

Hatua ya 1: Akuzoee

Ingia zizini, kaa juu ya ndoo, fanya shughuli zako. Pukuchua mahindi, zungumza na simu, suka kamba. Usimtazame kwa kumkazia macho wala usimfuate. Punda ni mdadisi, na akiona huna haja naye atakuja mwenyewe kukunusa. Wengine huja siku ya kwanza, wengine wiki nzima. Aliyenunuliwa baada ya kupigwa sana anaweza kuchukua mwezi, na huo mwezi mpe.

Akija, usinyanyue mkono kwenda usoni. Anza begani. Simama ubavuni mwake, umeelekea upande anaoelekea yeye, kisha mkune pale shingo inapokutana na mgongo, kwenye ule msalaba mweusi wa manyoya. Hapo ndipo punda hukunana wao kwa wao kwa meno. Ukipapata, utaona mdomo wa juu unarefuka na kutetemeka, shingo inashuka. Kabla hajachoka, ondoa mkono urudi nyuma hatua mbili. Huku kuondoka kwako kunamwambia kwamba una mpaka na utauheshimu.

Chakula mpe kwenye bakuli. Ukimpa mkononi atazoea kupekua mifuko, kisha kung'ata vidole, halafu mtoto wako ndiye atakayeumia.

Hatua ya 2: Kamba ya kichwani

Punda wengi kwetu hufungwa kamba ya shingo, au hufungwa mguu. Kamba ya shingo inakaba, ya mguu inakata. Tengeneza hatamu ya kamba ambayo haijikazi. Kipande kimoja kinapita nyuma ya masikio, kingine kinazunguka pua, na vinakutana mashavuni kwa mafundo yasiyoteleza. Cha puani kikae juu kwenye mfupa, kama vidole vinne juu ya matundu ya pua. Kikishuka kitabana sehemu laini na kumzuia kupumua. Vidole viwili viweze kupita chini ya kamba kila mahali.

Usimvalishe kwa kumvizia. Mwonyeshe, ainuse, msugulie nayo begani, shingoni, shavuni. Tandaza kitanzi cha pua, weka mashudu kidogo upande wa pili, umwache aingize mdomo mwenyewe. Kisha pitisha ya nyuma ya masikio taratibu, sikio moja moja. Masikio ya punda yana hisia kali. Wanaokamata punda kwa kumpinda sikio ndio wanaozalisha punda asiyevalishika maisha yake yote.

Ukimwachia aende kuchunga, mvue. Kamba ikinasa kwenye miiba porini utamkuta amekufa kiu, au fisi amefika kabla yako.

Hatua ya 3: Kufuata kamba

Hapa ndipo penye somo lote. Usipite haraka.

Watu wengi husimama mbele ya punda, wanamgeukia uso kwa uso, wanavuta. Punda anajibu kwa kuvuta upande wake, mnakuwa kama mnashindana mchezo wa kuvuta kamba, na katika mchezo huo yeye ana kilo nyingi na miguu minne. Hutamshinda. Akikushinda mara moja ameshajua.

Simama begani mwake, uso umeelekea mbele. Shika kamba karibu na kidevu, kama shubiri mbili, ikiwa imelegea. Sema "twende" mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kisha kaza kamba polepole, si mbele moja kwa moja bali mbele na pembeni kidogo, kuelekea upande wako. Kaza kiasi cha kuondoa ulegevu tu, uzito kama wa kikombe cha chai. Halafu usiongeze wala usipunguze. Ngoja.

Atafikiri. Anaweza kuinua kichwa, kurudi nyuma, kukupuuza kabisa. Wewe shikilia uzito uleule; akirudi nyuma nenda naye bila kumkazia zaidi. Wakati fulani uzito wa mwili wake utahama. Unaweza kuuona begani: msuli unacheza, kwato moja inakuwa nyepesi ardhini. Legeza kamba hapohapo. Usisubiri hatua kamili. Ukichelewa kulegeza hata kwa muda wa kuvuta pumzi, yeye hajui ni kitu gani kilichomletea nafuu.

Mkune begani, ngoja, rudia. Safari ya pili kwato itanyanyuka. Safari ya tano au ya kumi atapiga hatua mbili. Siku ya tatu au ya nne unasema "twende" na anaanza kabla kamba haijakaza, kwa sababu ameshajua kitakachofuata na hataki kukingoja. Umemfundisha neno, bila pigo hata moja.

Kwa nini pembeni? Kwa sababu punda aliyesimama miguu minne sawasawa ni mgumu kama nguzo, ila akigeuza kichwa na shingo inambidi ahamishe mguu wa mbele ili asiyumbe. Mguu ukishahama, ule mgando umeshavunjika. Punda akigoma njiani, dawa ni hiyo: mgeuze kichwa kulia, apige hatua, legeza, kushoto, apige hatua, legeza, kisha mbele.

Kule Mvumi nilimsikiliza babu mmoja akimfundisha mjukuu wake, kijana wa darasa la nne, anaporudi kutoka kisimani.

"Babu, hataki kutembea."

"Anatazama nini?"

"Sijui."

"Basi tazama na wewe."

Kijana akatazama. Palikuwa na mbuzi mfu kando ya njia.

"Kuna mzoga, babu."

"Haya. Legeza hiyo kamba kwanza, umeikaza tangu juzi. Mwache anuse. Akivuta pumzi ndefu, mwambie twende."

Walikaa pale dakika chache, punda akapuliza puani kwa nguvu, akashusha kichwa, wakapita. Ingekuwa ni fimbo, madumu yangemwagika pale.

Hatua ya 4: Simama, na rudi

"Simama" ndilo neno litakalookoa maisha, yako na yake. Mnatembea, unasema "simama", unasimama wewe mwenyewe na kukaza kamba kidogo kuelekea nyuma. Akisimama, legeza. Akiendelea, mzungushe nusu duara mbele yako kisha urudie. Zoea kumwacha asimame dakika nzima bila kufanya kitu. Punda anayejua kungoja ndiye utakayemfunga mkokoteni kwa usalama.

"Rudi" inafuata: kiganja kifuani, kamba nyuma kidogo, hatua moja, achia. Hatua moja yatosha kwa siku.

Hatua ya 5: Mwili mzima na kwato

Kabla ya kumwekea mzigo, inabidi akubali kuguswa kila mahali. Tumia kiganja, kisha gunia kuukuu. Anzia begani, nenda mgongoni, tumboni, mapajani, ndani ya mapaja. Ukifika mahali anapokakamaa, usiondoe mkono na usisonge mbele. Tulia hapohapo mpaka ashushe kichwa au atafune mdomo mtupu, ndipo uondoe. Ukiondoa wakati anaruka, umemfundisha kuruka.

Miguu vivyo hivyo. Simama ubavuni, umeelekea mkia, teremsha mkono kutoka begani hadi juu ya kifundo. Bana kidogo mshipa ulio nyuma ya mguu. Akihamisha uzito, achia. Baadaye atainua mwenyewe. Ushike kwa sekunde chache na urudishe chini taratibu, usiuachie ukaanguka. Usiinue mguu juu wala kuuvuta nje. Punda ni mfupi, wewe ndiye wa kuinama. Kila jioni toa mawe na miiba chini ya kwato. Ardhi yetu ya Dodoma ina changarawe kali na miiba ya migunga, na punda wengi wanaosemwa ni wavivu wana kipande cha mwiba kilichozama ndani ya kwato.

Hatua ya 6: Mzigo wa mgongoni

Matandiko kwanza. Mgongo wa punda una mfupa katikati unaoonekana, na uzito wowote ukikaa juu ya mfupa huo utatoboa ngozi. Tengeneza mito miwili minene ya gunia iliyojazwa nyasi kavu, ikae pande mbili za uti wa mgongo na kuacha mfereji katikati. Ukichungulia kutoka nyuma unapaswa kuona mwanga ukipita katika ule mfereji.

Mwekee mto mmoja, uondoe. Uweke, uondoe. Kisha yote miwili, tembea naye. Kisha mkanda wa tumbo uliolegea, halafu ulioshika. Baadaye viroba viwili vya pumba, kilo chache kila upande, vyenye uzito sawa.

Madumu yana somo lake. Dumu tupu linagonga na kulia, la nusu linachapa maji ndani huku na huku, na vyote viwili vinamshtua. Tikisa dumu tupu mbali naye, ukisogea pale tu anapotulia. Mfunge matupu mawili, tembea zizini. Ukianza maji, jaza mpaka shingoni, maana lililojaa halichezi.

Sasa hesabu. Punda wetu wengi ni wadogo, wa kilo 120 hadi 150 hivi, na mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, na hapo amefika. Yale manne tunayoyaona kila siku ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake. Punda aliyebebeshwa manne anatembea polepole kwa sababu hawezi zaidi, na hapo ndipo fimbo inapoingia. Nalisema hili kwa uchungu, maana najua mama aliye kilomita nane kutoka kisimani anahesabu safari. Jibu ni mkokoteni, au punda wawili wenye mawili mawili. Ule usemi wa punda afe mzigo ufike, akifa kweli, safari inayofuata madumu anabeba mama kichwani.

Hatua ya 7: Kuongozwa kutoka nyuma

Mpaka hapa ulikuwa begani mwake. Kwa mkokoteni au jembe itabidi akutii ukiwa nyuma, mahali asipokuona vizuri. Chukua kamba mbili za mita tano au sita, zifunge kila upande wa hatamu, zipitishe kwenye vitanzi vya mkanda wa tumbo ili zisipande mgongoni. Msaidizi atembee begani kama kawaida, wewe nyuma kwa pembeni, mbali ya kutosha kuwa nje ya teke. Unasema "twende" wewe, msaidizi yupo tu. Siku zinavyokwenda msaidizi anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka anabaki karibu nawe, kisha anaondoka.

Kugeuka: sema neno kwanza, "kulia" au "kushoto", kisha kaza kamba ya upande huo, na akianza kugeuza kichwa legeza. Neno litangulie siku zote, na watu wote wa nyumbani watumie maneno yaleyale. Baba akisema "simama", mama "ngoja" na mtoto apige mluzi, hakuna aliyemfundisha.

Hatua ya 8: Mkokoteni

Nira ya ng'ombe usimvalishe punda. Ng'ombe husukuma kwa nundu. Punda hana nundu, anavuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani, vidole vinne au zaidi, ulioshonewa kitambaa laini, ukae juu ya kiungo cha bega na chini ya koo. Na anahitaji mkanda wa nyuma unaozunguka mapaja. Wengi huuacha huu, na bila huo mkokoteni ukiteremka korongoni unamgonga miguu ya nyuma, yeye anakimbia kuukwepa, na huo ndio mwanzo wa ajali.

Azoee sauti kwanza. Msaidizi aburute tairi kuukuu mbele yake, punda afuate. Kinachomkimbia hakiogopi sana. Kisha liburutwe ubavuni, kisha nyuma. Akizoea, mfunge alivute yeye kwenye kichanga. Halafu watu wawili washike miti miwili mirefu, mmoja kila upande wake, watembee naye mpaka azoee kuguswa ubavuni anapokata kona.

Ndipo mkokoteni mtupu, wakiwepo watu wawili. Mrudishe punda katikati ya miti miwili ya mkokoteni ukitumia "rudi", au sogeza mkokoteni kwake. Tembea hatua kumi, simama, mfungue. Siku inayofuata ongeza. Ukipakia, pima mizani: inua ncha za miti kwa mkono mmoja, ziwe na uzito kidogo tu wa kushuka. Zikiwa nzito mzigo umekaa mbele na unamkandamiza mgongo, zikipaa mzigo uko nyuma na mkanda wa tumbo unamkaba.

Barabara kuu ije mwisho kabisa. Malori ya Singida yana breki za upepo zinazopuliza ghafla, na bodaboda hupita bila kupiga honi. Msimamishe mbali na barabara jioni chache, ale nyasi huku akitazama magari, kisha msogee kidogo kidogo. Bandika viakisi mwanga nyuma ya mkokoteni hata kama huna mpango wa kusafiri usiku.

Punda aliyekwisha kupigwa

Huyu utamjua: ukiinua mkono kujikuna anakunja mkia na kupenyeza kiuno chini, au anasimama wima kabisa bila kupepesa macho. Watu humsifu kwamba ametulia. Hajatulia, amekata tamaa.

Anza naye Hatua ya 1 hata kama anavuta mkokoteni tangu zamani. Mpe wiki chache bila kazi. Akishakubali kukunwa, njoo na bua la mtama, liweke chini, mkune kwa mkono. Siku nyingine lishike bila kulitumia. Baadaye mkune nalo begani palepale anapopapenda, mpaka kitu kirefu mkononi mwa mtu kisiwe tena habari ya maumivu. Kisha waite watoto wote wa nyumba, uwaonyeshe. Kazi ya miezi miwili inaharibiwa na mtoto mmoja mwenye fimbo mchana mmoja, na mtoto hana kosa, ameiga. Nimeona wakielekezwa wanakuwa na mikono mizuri kuliko sisi, kwa sababu hawana haraka ya kushinda.

Aliyekuwa anatembea vizuri akikataa ghafla

Tafuta sababu mwilini kabla ya kutafuta tabia. Vua matandiko, pitisha kiganja mgongoni ukitafuta joto, uvimbe au unyevunyevu. Inua kwato zote nne. Tazama mkanda wa kifuani kama umegeuka, na chini ya hatamu kama pana mchubuko. Angalia kama amekunywa. Kwenye joto letu anahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku, na punda huyakataa maji machafu hata akiwa na kiu, hivyo safisha chombo. Kama ni jike, uliza kama ana mimba. Hubeba karibu mwaka mzima, na miezi ya mwisho mizigo aachiwe mwingine.

Akiacha kula, usingoje aone njaa. Punda asiyekula siku moja au mbili, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na anaweza kufa, hata kama kilichoanza kilikuwa ni kidonda cha mdomo tu. Siku hiyohiyo mwite afisa mifugo wa kata, na ukimpigia mwambie mambo matatu: amekula mara ya mwisho lini, kinyesi kikoje, na mwenzake yuko wapi.